Madaftari Juu ya Gogo

Shuleni waliniita kipanga,
na kaka yangu Ndetaramo ndiye aliyeongoza kwaya:
"Kipanga, kapime mvua!" Maana kweli nilipima,
kwa chupa ya plastiki niliyoikata shingo
na rula iliyofutika namba mbili za mwanzo,
kila siku saa tatu asubuhi,
hata Krismasi, hata nikiwa na homa ya matumbo.

Yeye hakuwa kipanga. Yeye alikuwa shabiki.
Shabiki hachekwi. Shabiki anapaka uso rangi,
anapuliza vuvuzela mpaka midomo inavimba,
anarudi hana sauti wala nauli,
na mama anamfunikia mtori wake usipoe.

Sasa ana bucha Kiboriloni, nyuma ya mitumba.
Jumamosi nimefuata nusu kilo ya mbavu
nikamkuta amemnyooshea mteja kisu
(kisu cha kazi, msiogope):
"Bao la kusawazisha, Chuma cha Njoro na Pasua,
lilikuwa dakika ya themanini na tatu, si themanini na moja!
Na halikutoka kwenye kona. Mpira ulirushwa,
kaurusha Kisoka, kwa mkono wenye plasta!"
Mteja, mzee wa watu, alitaka maini tu.

"Unajuaje?" nikauliza.
Akafuta mikono kwenye aproni,
akainama chini ya mzani,
akatoa kaunta buku. La kwanza. La pili. La saba.
Nikasahau mbavu.

Jamani, ile mistari!
Tarehe, kiwanja, refa na ukoo wa refa,
nani aliingia kwa nani, nani alichechemea tangu nyumbani,
na safu ya mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
Hali ya Hewa.
Ligi ya wilaya, ndugu zangu!
Ligi ambayo mlinda mlango huomba ruhusa akafunge duka.

Nikamtazama mwanaume huyu wa kilo mia moja na tano,
damu ya mbuzi kwenye kucha,
nikamwona usiku, peke yake, chini ya taa, na rula.
"Ndetaramo," nikasema, "wewe ni kipanga."
Akang'aka. Kipanga ni mtu wa vitabu!
"Na haya ni nini, maandazi?"
"Huu ni mpira," akasema,
kama mtu anayesema hii ni damu yangu.

Nikakimbia nyumbani, nikaleta yangu.
Tukayafungua juu ya gogo la kukatia nyama,
tumetandika gazeti la kufungia.
Ishirini na tatu Aprili, kwake:
"mvua kubwa, mechi imevunjwa dk. 61."
Kwangu: milimita sabini na nne.
Akapiga meza kofi, mzani ukaruka.
"Nilijua! Na wale wa Pasua wanasema tulikimbia manyunyu!"
Foleni ikakua. Mama mmoja akaondoka akisonya.
Sisi tukaendelea, mechi kwa mechi, tone kwa tone,
yeye akisoma, mimi nikijibu,
kama wakaguzi wa hesabu za Mungu.

Mpaka tarehe tisa Novemba, mwaka aliokufa mama.
Kwake kuna tarehe tu. Kiwanja hakuna, refa hakuna.
Kwangu: milimita tatu, mwandiko umepinda.
Akaweka kidole pale, kidole cha mafuta.
Sikumkataza.

"Ilinyesha?" akauliza. "Siku ile ilinyesha?"
"Kidogo."

Akachomoa kalamu nyuma ya sikio,
akaruka safu zote tupu mpaka ile ya mwisho,
akasita.
"Kabla ya kushusha jeneza," akauliza,
"au baada?"